Dag ni Nani

...na yule muuguzi, Sista Jincy, kwa sauti yake ya upole, akamwuliza tu, samahani dada Narelle, huyu dag ni nani, maana baba yako tangu jana anamwita, dag amefika, dag yuko wapi, nimeangalia kwenye faili lake sioni jina kama hilo, na yeye Narelle Tuckett, mwanamke wa miaka arobaini na saba, mnyoa kondoo mwenye mgongo mbovu na mikono inayojua kazi kuliko kichwa, akasimama nje ya jiko la wanyoaji, simu sikioni, akajibu kwamba dag si mtu, Sista, dag ni kinyesi cha kondoo, kile kinachonata kwenye manyoya ya nyuma kikakauka, na muuguzi wa watu akasema aah, kwa adabu kabisa, kama aliyepewa habari ya msiba, na simu ikakatika kwa sababu mtandao wa huku ni wa kubembeleza... na sasa ni saa moja na nusu asubuhi, yuko ndani ya banda, ameketi sakafuni na mgongo ukutani, kalamu ya risasi mkononi, kipande cha karatasi juu ya paja, karatasi tupu, maji ya mvua ya jana bado yanadondoka ukingoni mwa bati, tone, kimya, tone, na kofia ya Tihema, mnyoaji mwenzake, imewekwa chini, kwenye mbao zilizolainishwa na mafuta ya sufu ya miaka mia, ndani yake vipande vitano vilivyokunjwa, cha sita ni chake, wote wanamngoja yeye, na anachowaza si kondoo, anawaza kwa nini alijibu vile, kwa nini alimpa yule binti maana ya kinyesi wakati neno lenyewe lina maana tatu nne, na zote anazijua, na mojawapo ilikuwa fupi na rahisi na ya kweli, nayo ndiyo ambayo hakuisema... haya, andika basi, mwanamke, ni neno moja tu, kavu au mbichi, ndiyo sheria ya mabanda tangu babu zao, mvua ikinyesha kila mnyoaji ananyoa kondoo wawili, anaipapasa sufu kwa mkono wake mwenyewe, anaandika kwa siri anachoamini, wengi wape, kura ikisema kavu mnaendelea na kazi, ikisema mbichi hakuna anayegusa mashine leo, maana sufu mbichi inaingia kwenye viungo, inaleta homa na majipu, wazee walizikana kwa sababu hiyo, au ndivyo wanavyosema, na kwenye kura hiyo hakuna bwana wala kibarua, hakuna anayemwuliza mwenzake umeandika nini, ila kuna jambo moja ambalo halikuandikwa popote na kila mtu analijua, kwamba unaandika habari za kondoo, huandiki habari zako, mtu mwenye uchovu wa pombe anayeandika mbichi ili akalale, huyo akijulikana hapati banda la kufanya kazi kutoka hapa mpaka baharini, na kondoo wa Narelle, wote wawili, walikuwa wakavu, yule wa kwanza mkavu kama mkate wa juzi, wa pili alikuwa na unyevu kidogo chini ya shingo, kidogo tu, unyevu wa pumzi, wamelala chini ya banda usiku kucha, wangelowa wapi...

Lakini kura ikiwa mbichi atapanda gari lake, saa tatu za barabara, na saa tano mchana atakuwa kando ya kitanda cha baba yake, wala hakuna kinywa kitakachosema Narelle Tuckett aliacha banda, mwanamke yule, tuliwaambia wanawake hawawezi... na kabla ya swali la dag Sista Jincy alisema jambo jingine, alilisema polepole, daktari amepita, pumzi zake zimebadilika, ni leo, labda kesho, sisi hatujui, Mungu ndiye anayejua, na Narelle akasema asante, asante sana, akashika lile la dag kwa mikono miwili kwa sababu lilikuwa dogo na la kuchekesha na linashikika. Kule kwenye meza ya sufu mzee Des anaongea, yeye ni mpanga madaraja wa sufu, hana kura, hana kazi mpaka kura ihesabiwe, miwani puani, gazeti la mafumbo ya maneno mfukoni, alikuwa jikoni anakunywa chai wakati simu inapigwa na masikio yake hayajawahi kupitwa na neno, na sasa anamweleza Tihema kwamba hilo ni neno la kale mno, Waingereza walikuwa nalo kabla hawajaota kama bara hili lipo, na mwanzoni halikuwa kinyesi hata kidogo, lilikuwa pindo la nguo, kipande kilichochanika kikabaki kinaning'inia, ndipo likahamia kwa kondoo, kwenye kile kinachoning'inia nyuma yake, na Tihema, ambaye ni Mmaori wa ng'ambo ya maji, mabega mapana kama mlango wa ghala, anasema kwao dag ni mtu wa vichekesho, mjomba wake alikuwa dag mpaka kwenye jeneza, aliacha wosia kwa siri azikwe na ufunguo wa gari la mkewe, wakatafuta ufunguo wiki nzima baada ya mazishi, na wanacheka, na wale wanyoaji wengine wanacheka kwa pua, na mmoja anasema mjini siku hizi dag ni mshamba wa mavazi, anayevaa soksi na viatu vya wazi, na Narelle anajua wanamtupia jicho, kwa sababu ndivyo alivyovaa jana jioni, na kwenye harusi ya binamu yake wasichana walimwambia hivyohivyo, shangazi wewe ni dag, wakamkumbatia, na hakujua kama ametukanwa au amesifiwa, akachukua keki... ajabu ya neno, kwamba linatoka matakoni mwa kondoo likapanda hadi kwenye harusi, likabusu watu mashavuni, akipenda chongo huita kengeza, ndiyo, lakini ni nani alikuwa wa kwanza kumtazama mtu anayempenda na kuona kinyesi, huyo ndiye angependa kukutana naye, alikuwa mchungaji wa namna gani, alikuwa amelewa, alikuwa baba...

Kwa sababu baba yake hakuwahi kumwita kwa jina, yeye Merv Tuckett, mnyoaji aliyeheshimiwa kwenye mabanda ya mito mitatu, alimwita mkewe Mama, akamwita mbwa Bwana Mkubwa, akamwita bintiye dag, na Narelle anajaribu kukumbuka mara ya kwanza, angekuwa na miaka mitano, sita, amepewa safari ya kwanza ya kwenda bandani na baba, buti zinampwaya, anatembea nyuma yake kwenye vumbi la zizi, akisimama anasimama, akitema mate anatema mate, na baba anageuka, bado unaning'inia, dag, na kuendelea na safari yake, na yeye akaona fahari kubwa, hakujua maana, alijua tu kwamba ni kitu kinachotembea nyuma ya baba... na siku ya kusafisha kondoo kabla ya joto, mkasi mkubwa wa mkono, kra, kra, vile vibonge vyeusi vinaanguka, yeye ameshika kichwa cha kondoo jike na ameziba pua, na baba bila kuinua uso akamwambia usimwonee kinyaa, ukimwonea kinyaa atakufa, inzi watataga hapa na funza watamla akiwa hai, anayempenda kondoo anaanzia huku nyuma, na vile vibonge havikutupwa, vilitiwa kwenye gunia, vikapelekwa nyumbani, mama akaviloweka kwenye pipa la maji akamwagilia nyanya, na nyanya zile, Mungu wangu, nyanya zile zilikuwa nyekundu hadi watu wanashuka kwenye magari kuuliza, na mama akisema siri ni dag, akimkonyeza Narelle, kana kwamba ni yeye aliyezikuza... tone, kimya, tone... kwa mama, sasa amefikaje huko, alitaka kufikiri habari ya neno tu, asili ya neno, basi, mambo ya vitabu, na tazama maji hufuata mkondo, amefika penye kitanda cha mama.

Miaka kumi na mmoja alikuwa nayo. Asubuhi ya baada ya mvua, kama hii, na baba yuko banda la mbali, na mpishi wa banda akamletea ujumbe kwamba mkewe amezidiwa, ujumbe ulifika kabla ya kura, hilo kila mtu analisimulia, na kila msimulizi analiweka hapo kwa makusudi, kabla ya kura, Merv akasoma, akakunja, akatia mfukoni, akanyoa kondoo wake wawili, akaandika kavu, na kura zikawa nne kwa tatu, yaani ni karatasi yake iliyoamua, na akanyoa mpaka kengele ya jioni, ndipo akawasha gari, na mabanda yote yakaipenda hadithi hiyo, wanaisimulia mpaka leo kwa wageni, huyo ndiye mtu mkweli, mkewe anakata roho na yeye hakusema uongo juu ya kondoo, na Narelle amewahi kuisikia mara ishirini, mezani, na kikombe mkononi, na mara zote ametikisa kichwa kama wengine, kwa sababu ungesema nini, ungesema kwamba huku nyumbani mama alikuwa anauliza amefika, amefika, na mtoto mwenye miaka kumi na mmoja anajibu yuko getini, mama, nimeliona gari, anafungua lango sasa hivi, uongo mtupu, akausema mara tano, mara sita, mpaka ukawa hauhitajiki tena... na baba akaingia na harufu ya mafuta ya sufu, akasimama mlangoni, hakuvua kofia. Narelle akamchukia. Sema tu, hapa hakuna anayesikia, alimchukia na akaendelea kutembea nyuma yake, akajifunza kazi yake, akachukua mashine yake alipozeeka, na moyoni miaka yote hii amekuwa akimwandikia upya karatasi ile, mbichi, mbichi, angeandika mbichi tu, herufi chache, zingekuwa nne kwa tatu upande mwingine na angefika saa sita na mama angekuwa bado anauliza...

"Na kuna wanaosema asili yake ni nyingine kabisa," Des anasema kule, amefurahi, hakuna kitu kinachomfurahisha mzee huyu kama neno lenye baba wawili, anasema watoto wa Uingereza zamani walikuwa na mchezo, waliuita hivyohivyo, dag, mmoja anaruka mtaro au anapanda ukuta, kisha anawageukia wenzake, haya, nani anathubutu, na asiyethubutu anachekwa, na wengine husema dag wa vichekesho ametoka hapo, si kwenye kinyesi, na wataalamu wenyewe hawajapatana, na Tihema anauliza mzee, sasa ukweli ni upi, na Des anasema ukweli ni kwamba neno halikumbuki lilikozaliwa, sisi ndio tunaolikumbukia. Nani anathubutu. Narelle anaisikia kama imesemwa chumba cha pili. Nani anathubutu... na kumbe kuna jambo amelisahau, au hakulisahau, aliliweka tu mahali pasipo na mwanga, ni miaka miwili mitatu iliyopita, baba anamnolea visu vya mashine, kazi pekee iliyobaki mikononi mwake, cheche zinaruka kwenye jiwe, na katikati ya kelele akasema, bila kumtazama, "Zilikuwa kavu, Narelle."

Kwa jina. Ndiyo. Alimwita kwa jina, ndiyo maana alishtuka, na akajibu najua, baba, haraka haraka, kama mtu anayefunga mlango upepo usiingie, na baba akabaki kinywa wazi, kisu hewani, alikuwa hajamaliza, sentensi ile ilikuwa na mguu mmoja, zilikuwa kavu, lakini, lakini nini, na yeye akamwahi na najua yake, na mzee akarudi kwenye jiwe na cheche... lakini nini, baba. Ulitaka kusema nini. Anaitazama karatasi. Karatasi inauliza habari za kondoo. Haijawahi kuuliza kingine tangu dunia iumbwe, na baba aliijibu vizuri, zilikuwa kavu na aliandika kavu, hapo hana kosa, hata mbinguni hawatamshika kwa hilo, na yeye binti yake miaka thelathini na sita amekuwa akimshitaki kwa kosa ambalo hakulifanya na kumwachia lile alilolifanya, kwani nani alimfunga kamba, mlango wa banda ulikuwa wazi, milango ya mabanda haina hata kufuli, angeandika kavu, akaweka karatasi kofiani, akasema jamani kwaherini mke wangu ananiita, na wale sita wangeendelea kunyoa, na kondoo wake wangenyolewa na wenzake, na dunia isingemwaga hata kikombe cha chai... hakuthubutu. Ni hivyo tu. Mtu aliyeogopwa na kondoo dume wa mito mitatu aliogopa kuwa yule mwanamume aliyetoka bandani kabla ya kengele, akajificha nyuma ya kavu, ikamfaa, wakamsifu, na baada ya kusifiwa utalia kwa nani... na wewe, Narelle, bibi wewe, umekaa hapa robo saa nzima unatafuta unyevu chini ya shingo ya kondoo, ukiubembeleza uongezeke, ili ujifiche nyuma ya mbichi. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Yeye alijificha upande ule, wewe upande huu, karatasi ni ileile, na kule mwisho wa barabara mtu amelala anauliza amefika, amefika, na yuko binti wa watu, ametoka kwao mbali, hana undugu naye wowote, ameinama juu ya kitanda anatafuta la kumjibu, labda anasema yuko getini, baba, na hata anayengojwa ni nani hajui, kwa sababu aliyeulizwa alijibu ni kinyesi.

Anacheka, kidogo, puani, na machozi yanashuka na anayaacha, mafuta ya sufu yatayaficha. Hakuna kilichobadilika. Maji yanadondoka batini, kondoo wanakwaruza kwato chini ya mbao, Des sasa amehamia kwenye neno jingine, vipande vitano bado vimelala kwenye kofia, na Tihema, mtu mwema, amevumilia kuliko ilivyo kawaida yake, anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole.

"Tikisa dag, dada," anasema, maana ndivyo watu wa kwao wanavyomhimiza mtu aharakishe, kondoo mwenye vibonge vikavu akikimbia vinagongana nyuma yake, kwata kwata kwata, unamsikia kabla hujamwona, na Narelle anawaza basi hiyo nayo ni maana, na ndiyo iliyobaki, inaning'inia nyuma na inapiga kelele, anakuja, anakuja. Anaandika kavu. Anaandika kwa herufi kubwa, kama mtoto wa shule, hakunji hata karatasi, anaiweka kofiani, kisha anainuka kwa kushika ukuta, mgongo unalia, anakwenda kwenye nafasi yake, analegeza parafujo, anachomoa chanuo na kisu kwenye mashine na kuvitia mfukoni mwa suruali, na vichwa vinageuka, maana mnyoaji akitoa chanuo chake hakuna anayehitaji kuelezwa kwamba anaondoka.

"Unakwenda wapi na kura hatujahesabu?" Tihema anauliza.

"Hesabuni," anasema. "Zangu zilikuwa kavu. Nakwenda kwa baba." Des anavua miwani. Tihema anautazama uwanja wa kondoo, kisha anamtazama yeye, na kusema kwa sauti ya chini kwamba kondoo wa Narelle watanyolewa, aende polepole kwenye ile kona ya daraja, barabara ina matope, na yeye anaitikia kwa kichwa huku anawaza kilima kidogo kando ya lango, pale mtandao hushika, atasimamisha gari dakika moja tu, atapiga, na akipokea atamwambia Sista, nilikujibu vibaya, mwinamie sikioni umwambie dag yuko njiani, na usiogope, si uongo, na ukitaka kumwandika kwenye faili mwandike, dag ni mimi.